Sura ya Saba ya Bwana Stroud

Kempu ya wafanyakazi, Industrial Area, Doha
9 Februari 2025

Kaka Omondi,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kwa Kiswahili kama ulivyoniamuru, kwa sababu Afisa Mutai anayezipitia barua zako kabla hazijakufikia hajui Kijaluo, na barua asiyoielewa haipiti. Afisa Mutai, ukifika hapa, nawe nakusalimu.

Uliuliza kazi mpya ikoje. Nimetolewa mtaa wa Lusail, nimeletwa ule wa The Pearl, mapokezi ya mnara wa watu wenye nafasi zao. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa kumi na mbili jioni. Kazi ni kusimama, kufungua mlango, kuandika wageni daftarini, na kila saa kuandika kwenye kitabu cha matukio, ile OB yetu, kwamba hali ni shwari. Hata kama kuna jambo dogo limetokea, supavaiza hupenda uandike hivyo hivyo. Mkono wangu sasa unaandika "hali shwari" bila kuniuliza.

Habari yenyewe ni hii. Ghorofa ya tisa anakaa mama mmoja Mmarekani, Madam Michelle, miaka sabini hivi, aliyefundisha fasihi ya kwao hapa chuo kikuu. Nyumba yake ni vitabu tupu. Siku niliyompandishia maji aliniona nimeduwaa mbele ya rafu, akaniambia hao ni waandishi wa zamani wa Marekani, akaanza kunitajia maisha yao kama mtu anayetaja wajomba zake. Huyu alikuwa baharia, yule mpiga chapa, yule mwanamke hakutoka boma la baba yake mpaka akafa. Nikamwambia nina kaka mwalimu, yuko kifungoni, anawafundisha wafungwa wenzake wanaojiandaa kwa mtihani wa Form Four, na darasa halina vitabu. Hakuniuliza ulifungwa kwa nini. Akaniazima kimoja, maisha ya mtu aitwaye Ephraim Stroud.

Nakisoma kwenye basi la kampuni. Nitakuwa nakuandikia sura moja moja, nawe uwasimulie vijana wako.

Basi Stroud alizaliwa miaka mia mbili iliyopita, kijiji cha baridi kali. Baba alikufa maji. Mama alimlea kwa kufua nguo za watu. Alipofika miaka ishirini akapewa kazi ya kulinda daraja, kazi ya kuandika daftarini kila anayevuka. Mlinzi, kaka! Mwenzangu kabisa. Na nyuma ya karatasi za daftari hilo ndipo alipoanza kuandika riwaya yake.

Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua asubuhi, mchana anayasahau. Amekosana na kwaya nzima kwa sababu wanataka kushona sare mpya za samawati, naye anasema ile ya kijani bado ina miaka kumi ndani yake. Jumapili aliimba peke yake amevaa kijani, amewanunia wote.

Mdogo wako,
Eugene

---

Gerezani
2 Machi 2025

Eugene mdogo wangu,

Barua yako imefika, na Afisa Mutai amesema nikwambie hajambo. Kiswahili chako kimenenepa. Mwandiko bado unatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake, lakini tutafika.

Nimewasimulia darasa. Tuko ishirini na watatu. Mzee Kiprono, ambaye ana miaka sitini na anataka cheti kabla hajafa, sasa kila asubuhi ananiuliza kama Stroud ameamka. Wanataka kujua riwaya yenyewe inasema nini. Usitupe maisha ya mtu ukatunyima kazi yake.

Mimi nina habari. Ombi langu la kupunguziwa kifungo limepangiwa tarehe: 7 Oktoba, mbele ya jaji. Kati ya miaka ishirini nimemaliza kumi na mmoja. Wakili wa bure niliyepewa anasema jaji ataangalia mambo mawili, familia ya marehemu Owiti inasema nini, na mwenendo wangu humu ndani. Familia ya Owiti wamekubali kusamehe. Walikuja nyumbani kwetu wakala na Mama, unajua. Kilichobaki ni mimi kukaa bila doa mpaka Oktoba.

Hapo ndipo ninapojiogopa mwenyewe. Unakumbuka nilivyofanya Baba alipokufa. Siku tisa bila chakula, na yule afisa niliyempiga wala hakuwa na kosa, alikuwa tu ameniletea habari. Faili langu bado lina ukurasa huo. Hata leo sijui yule mtu alitoka wapi ndani yangu.

Mwambie Mama asiikubali sare ya samawati.

Kaka yako,
Omondi

---

Doha
30 Machi 2025

Kaka,

Leo ni Idi. Twaha wa Tanga, tunayepokezana lindo, ametuletea biriani chumbani, watu wanane sinia moja, Waislamu na Wakristo, hakuna aliyeuliza mwenzake anasali wapi.

Riwaya ni hii. Kuna mlinzi wa daraja anayeandika jina la kila anayevuka, na mbele ya jina anaacha nafasi ya kuandika siku atakayorudi. Wengine hurudi jioni, wengine baada ya mwaka. Mwanamke mmoja akavuka, hakurudi. Mlinzi anazeeka na ile nafasi tupu, anakataa kuifunga, hata alipoletwa mlinzi mwingine alimkabidhi ufunguo na nafasi ile. Kitabu kinaishia hapo. Madam Michelle anasema kilipotoka hakuna aliyekinunua, leo kinasomwa shule zote kwao.

Sura ya tano inasema Stroud mwenyewe alianza kuwaficha watumwa waliotoroka, chini ya daraja lile lile, kwenye tao la mawe. Wale hakuwaandika daftarini. Ndiyo kazi pekee ambayo hakuwahi kuiandikia kumbukumbu. Akakamatwa. Akafungwa miaka miwili. Sura ya sita yuko ndani, mama yake anamwandikia barua kwa mkono wa mchungaji, anamweleza nguo za nani zimechelewa kukauka.

Mama yetu anakuja kukuona na Dada Loice Jumatatu ya Pasaka, magoti yakimruhusu. Anauliza akuletee nini. Nimemwambia kalamu.

Eugene

---

Gerezani
27 Aprili 2025

Eugene,

Mama alikuja. Aliniletea kalamu sita na ndizi ambazo hawakuziruhusu, akazigawa langoni kwa wanawake wengine waliokuja kuona watu wao. Alikaa upande wa pili wa wavu akacheka mpaka Loice akaona haya. Amepungua mwili, nilimwambia, akasema ni sare ya kijani ndiyo imekuwa kubwa.

Alinipa ahadi. Tarehe 7 Oktoba atakuja kortini na sare hiyo ili nimwone kutoka mbali, hata ukumbi ukijaa.

Darasa wamegawanyika. Nusu wanasema Stroud atatoka amkute mama yake, nusu wanasema vitabu vya aina hiyo havina huruma. Mzee Kiprono hataki kubishana, anasema anangoja barua. Sote tunangoja. Tupe sura ya saba.

Omondi

---

Doha
25 Mei 2025

Dada Loice,

Charity, mwenzetu wa hapa kazini, anarudi nyumbani kwa likizo, nimempa barua hii akuletee mkononi. Kwenye simu tulilia tu, hatukusemezana.

Nilitaka kuja, Mungu anajua. Niliomba likizo ya dharura siku ile ile uliponiambia Mama ameanguka jikoni. Wakasema ningoje mtu wa kuziba nafasi yangu. Akaaga dunia Alhamisi, mkazika Jumamosi ya wiki iliyofuata, na mtu wa kuziba nafasi yangu alipatikana Jumatatu. Nilimwambia supavaiza sina haja naye tena.

Dada, Omondi asijue. Sisemi asijue milele. Asijue mpaka tarehe 7 Oktoba. Unajua alivyofanya Baba alipokufa, na huyu ni Mama. Akirudia hata nusu ya yale, hakuna jaji atakayemfungulia, atamaliza miaka tisa mingine mle ndani na sisi ndio tutakuwa tumemfunga. Ukienda kumwona sema Mama magoti yamekataa. Wajomba waambie hivyo hivyo. Miezi minne tu.

Najua unaona ni vibaya. Wewe ndiwe utakayemtazama usoni, mimi nitadanganya kwa karatasi. Nisamehe kwa hilo.

Eugene

---

Doha
8 Juni 2025

Kaka Omondi,

Samahani kwa kuchelewa, kazi imekuwa nyingi. Joto limeanza. Mama hali yake ni shwari na anakusalimu.

Sura ya saba ni hii, waambie wanafunzi. Stroud alimaliza miaka yake miwili, wakamfungulia asubuhi. Alipotoka, mama yake alikuwa amesimama langoni tangu alfajiri, amevaa nguo yake ya kanisani. Walitembea pamoja mpaka nyumbani. Njiani hawakusema mengi. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na Stroud akaandika vitabu vingine vinne.

Ni sura fupi.

Nyumbani kote hali shwari.

Eugene

---

Gerezani
6 Julai 2025

Eugene,

Niliposoma sura ya saba darasa walipiga makofi, wakapiga meza, mpaka askari akaja kuona kuna nini. Mzee Kiprono alitoka nje. Aliporudi alisema ni mafua.

Lakini mimi ni mwalimu, nitakusahihisha. Sura sita ulizileta na baridi kali, matao na nguo zinazochelewa kukauka. Hii ya saba umeiandika kama mtu anayekimbia mvua. Mwanamke amemngoja mwanawe miaka miwili, wanatembea mpaka nyumbani, na hawasemi mengi? Mama gani huyo? Wetu angeanzia langoni kuhesabu kuku.

Halafu umenipa Mama kwa neno moja. Shwari. Magoti je? Kwaya je? Loice alikuja wiki jana, akasema Mama amechoka kusafiri. Alikuwa akizungumza na kucha zake. Hata hivyo nina mengi ya kumwambia nikimwona. Nimeanza kuyaandika pembeni ya daftari nisisahau. Mwambie kuna mfungwa hapa anayeimba lile pambio lake, na analikosea pale pale anapokosea yeye.

Omondi

---

Doha
27 Julai 2025

Kaka,

Pambio nimemwambia. Amecheka sana. Magoti ni yale yale, na kwaya wamepatana.

Madam Michelle ameondoka Doha, mkataba wake wa mwisho umekwisha. Nilimsaidia kufunga vitabu, maboksi arobaini. Nilipotaka kumrudishia Stroud aliniambia ameshamwandalia safari yake, nimwache juu ya meza. Akanakili kitu fulani kutoka kwenye bahasha yako niliyokuwa nayo mfukoni, akatabasamu. Kwa hiyo sura zilizobaki nitakusimulia kutoka kichwani.

Imebaki miezi miwili na siku kumi. Kaa vizuri, kaka. Nakuomba.

Eugene

---

Gerezani
24 Agosti 2025

Eugene,

Jumanne Afisa Mutai aliniita ofisini. Kulikuwa na kifurushi kutoka ng'ambo. Ndani, kitabu cha Ephraim Stroud. Bibi yule wa ghorofa ya tisa amekitoa zawadi kwa darasa, na katikati ameweka kikaratasi. Nakutafsiria: "Kwa kaka yake Eugene. Sura hii ilinisaidia nilipofiwa na mama yangu." Kikaratasi kilikuwa kwenye sura ya saba.

Niliisoma nimesimama. Wewe uliisoma kabla yangu, kwa hiyo unajua. Hakuna mtu langoni. Stroud anatembea peke yake mpaka nyumbani, na kutoka mbali anaona nguo kwenye kamba, anafurahi, anaharakisha. Anapokaribia anaona si kamba ya mama yake. Ni nguo za watu wasiojulikana, zimeanikwa na mkono mwingine. Mama alikufa miezi saba nyuma na mchungaji akaona ni vyema kutomwandikia. Miaka kumi na mmoja Stroud hakushika kalamu.

Nilielewa yote hapo hapo, mara moja. Shwari yako. Kucha za Loice. Sura uliyoiandika wewe.

Nitakwambia ukweli. Nilikuchukia. Nilikuchukia mpaka nikaogopa, nikajua yule mtu wa mwaka wa Baba anakuja. Afisa Mutai alikuwa upande wa pili wa meza, akaona uso wangu. Hakuita mtu. Alisema, "Mwalimu, keti." Nikaketi. Akasema, "Barua zako nazisoma miaka sita. Tangu Juni huyo kijana anaandika kama mimi ninavyoandika ripoti." Nikalia mbele yake, Eugene, nimelia mpaka nikapaliwa, na sikumpiga mtu. Kesho yake nilikula. Nakuandikia hili kwanza ulijue, kwa sababu najua ndilo ulilokuwa ukilipigania.

Sasa sikiliza linaloniuma. Kifo cha Mama kinaniuma, lakini hicho ningekijua tu siku moja. Linalonichoma ni pembeni ya daftari langu. Tangu Mei namwekea Mama maneno. Kurasa nne. Nilikuwa nikicheka peke yangu nikimwazia atakavyocheka, na hayupo. Mliniacha niongee na mtu aliyekwisha kuzikwa. Usinifanyie hivyo tena, wala mimi sitakufanyia, hata habari iwe mbaya kiasi gani.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Nilipaswa kutupa udongo kabla ya wote. Sijui hata nani aliutupa. Sijui alivikwa nini, sijui kulinyesha au la. Nadhani hukuwapo, lakini najua ulitazama kwenye simu, kwa sababu nakujua. Nipe siku hiyo yote. Usiniandikie shwari.

Omondi

---

Doha
14 Septemba 2025

Kaka Omondi,

Sina la kujitetea. Nilidhani nakulinda, na kulinda ndiyo kazi yangu, kumbe nilikuwa nimesimama nje ya mlango usiofaa. Nisamehe.

Umeomba siku yote. Saa ya Doha na saa ya nyumbani ni moja, kwa hiyo nimeweza. Nilikwenda kwenye kitabu cha matukio, nikafungua ukurasa wa Jumamosi, 17 Mei. Kila saa kwa mwandiko wangu imeandikwa hali shwari. Nimeunakili ukurasa ule upya, kama ulivyotakiwa kuandikwa.

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimepokea lindo kwa Twaha. Alijua. Alitaka kuendelea mahali pangu, supavaiza akakataa kwa kuwa alishafanya kazi saa kumi na mbili mfululizo. Twaha hakupanda basi. Alikaa kwenye ngazi za nyuma mpaka saa tatu ili nisiwe peke yangu.

Saa mbili. Fiona, binti wa Loice, amenipigia kwa video. Nimeiegemeza simu nyuma ya daftari la wageni, sauti nimeifunga. Wanasimamisha hema. Jua kali nyumbani, halikunyesha.

Saa nne. Jeneza limefika kutoka mochari. Wakati huo huo mpangaji wa ghorofa ya kumi na nne akaomba toroli la mizigo. Nilimpelekea. Niliporudi jeneza lilikuwa limeshaingia ndani, sikuona nani aliyelibeba. Baadaye Loice aliniambia vijana wawili wa mbele walikuwa watoto wa Owiti.

Saa tano. Kwaya imeingia. Kaka, wote walivaa kijani. Ile ya zamani, wengine imewabana, mmoja ameifunga kwa pini mgongoni. Samawati zilikuwa zimeshashonwa, ziliachwa majumbani. Naye Mama alikuwa amevikwa ya kwake.

Saa sita. Madam Michelle ameshuka. Ameona uso wangu, halafu ameona simu. Ameegemea kaunta, mgongo kwa kamera ya ukumbini, akanikinga. Amesimama hapo hadi ibada ikaisha, na miguu yake si mizima. Sikumwambia kamwe kwamba wewe hujui. Hilo ni kosa langu, si lake.

Saa saba. Mjomba amezungumza. Bila sauti sikujua anasema nini, lakini watu walicheka, kwa hiyo nadhani alisimulia ile hadithi yake ya siku zote ya jogoo.

Saa nane. Kaburini. Mchungaji amemwita mzaliwa wa kwanza. Nilijua kwa kuona, kwa sababu watu wote waligeuka wakatazamana. Niliongeza sauti kidogo. Wajomba walianza kusukumana nani aende. Dada Loice akapita katikati yao, akainama, akachota udongo kwa mikono yote miwili. Akasema, "Wa kulia ni wa Omondi. Wa kushoto ni wa Eugene. Wangu nitautupa nyinyi mkishamaliza." Akaanza na wa kulia. Hakuna aliyembishia.

Saa nane na robo. Mtu wa chakula amekuja na mfuko wa ghorofa ya sita. Nimemwandika daftarini, jina, namba na saa.

Saa kumi na mbili jioni. Nimekabidhi lindo.

Ndiyo siku yote, kaka. Sijaacha kitu.

Eugene

---

Nyumbani
12 Oktoba 2025

Eugene mdogo wangu,

Barua hii haikusomwa na afisa yeyote. Ningeweza kukuandikia Kijaluo, lakini mkono umezoea, na nilimwahidi Afisa Mutai nitamtumia nakala.

Loice amekwisha kukupigia, kwa hiyo unajua neno la jaji: miaka niliyokaa inatosha. Nikupe lile asiloweza kukupa yeye. Jaji aliniuliza kama nina la kusema. Nikamwambia mama yangu aliahidi kuwa kwenye benchi ile na sare ya kijani, akafa Mei, nami nimejua Agosti, na tangu Agosti sijamgusa mtu. Nikamwambia ukurasa wa mwaka wa Baba ni wa kweli, na huu pia ni wa kweli, azisome zote mbili. Wakati huo mfukoni nilikuwa na ukurasa wako wa 17 Mei.

Kitabu cha Stroud nimewaachia darasa. Siku mbili kabla sijatoka niliwasomea sura ya saba, ile ya kweli. Hawakupiga makofi. Mzee Kiprono alisema yako ilikuwa nzuri zaidi, ila hii ndiyo ataikumbuka kwenye mtihani.

Kutoka barabarani nilitembea peke yangu. Nilitaka iwe hivyo. Loice alitangulia asubuhi, na nilipofika kwenye kona ya mvule wa Owiti, mahali ambapo boma letu huanza kuonekana, nilisimama. Nitakiri, niliogopa kutazama kamba ya nguo. Nilikuwa nimemsimulia Loice sura ile siku ya mwisho aliyonitembelea. Sikumwomba chochote.

Kwenye kamba kulikuwa na leso mbili za Mama, ile yenye embe na ile iliyofifia maandishi. Zimefuliwa asubuhi hiyo, bado zinadondosha maji. Hapakuwa na nguo nyingine yoyote. Loice alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga, hakuinua uso.

Nilikwenda kaburini kwanza. Nilichota udongo kwa mkono wa kulia tu, kwa sababu wa kushoto ni wako, na Loice akaja akatupa wake nyuma yangu. Nilimsomea Mama zile kurasa nne za pembeni ya daftari. Zilichukua muda. Mahali pa pambio nilicheka.

Jioni nilizianua leso, nikazikunja mara nne kama alivyokuwa akikunja, nikaziweka sandukuni mwake, na ukurasa wako juu yake. Loice anauliza mkataba wako unaisha lini. Nimemwambia jina lako limeandikwa, na nafasi mbele yake iko wazi.

Kaka yako,
Omondi